Siku Sukmaya Alipouzuia Mtumbwi wa Nduguye

Sukmaya Jalari aliolewa kijijini kwetu akitokea Rupse, ng'ambo ya mlima, na mwaka ule wa kwanza watu walimcheka kwa sababu kila asubuhi alishuka kulitazama ziwa kama mama anayemwangalia mtoto mwenye homa. Sisi tuliozaliwa kando ya Deuri hatukuwa na haja ya kulitazama. Tulivua humo, tulifua humo, na jua likiwa kali nyati wetu wa kufugwa walijitosa humo mpaka puani.

Yeye alikuwa ameona ziwa la kwao likizibika. Alinisimulia siku moja tukimenya viazi vikuu vya sikukuu. Huko Rupse lilianza kuonekana ua la zambarau, zuri sana, na akina mama wakawa wanalichuma kupeleka hekaluni. Hakuna aliyeujali mmea wake. Miaka michache baadaye magugu maji yalikuwa yametanda kutoka ukingo hadi ukingo, samaki wakifa chini yake kwa kukosa hewa, na baba yake akiusukuma mtumbwi kama mtu anayelima. Mwishowe baba yake aliacha nyavu akaenda mjini kubeba zege, na hakurudi akiwa hai.

"Hakuna aliyetufukuza, mama Junu," aliniambia. "Ila asubuhi moja unakuta hupiti."

Alipochaguliwa kuongoza kikundi cha akina mama, jambo alilolishikilia ni hilo tu. Mtumbwi, wavu au mgono wa kutegea samaki uliotoka ziwa jingine usiguse maji ya Deuri. Wanaume walimtania kwamba anataka mitumbwi iombe viza. Lakini Sukmaya hachoki. Ukimkatalia mkutanoni, kesho yuko kwako, anakunywa chai yako taratibu na kuanza tena mwanzo. Nadhani wengine walikubali ili wapumzike.

Sharti lilipata mtihani wake kwenye mashindano ya mitumbwi ya mwezi wa Magh, wakati wa baridi. Wageni walikuwa wameambiwa watapewa mitumbwi yetu. Watu wamejaa mwaloni, mafuta yanachemka, akina mama wanakaanga sel, yale maandazi ya mviringo ya unga wa mchele, mara lori likashuka likiwa na mtumbwi mpya uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Aliyeruka kutoka mbele alikuwa Tekendra, mdogo wake Sukmaya, ndugu pekee aliyebaki naye duniani.

"Shusheni polepole," Tekendra aliwaambia vijana wake.

"Msishushe," Sukmaya akasema, akifuta mikono kwenye sari.

"Dada, ni mimi."

"Nimekuona. Karibu sana. Mtapewa mtumbwi wetu ulio mwepesi kuliko yote. Huo wako ubaki kwenye lori."

"Nimeuchonga mwenyewe. Nilitaka uuone ukikimbia hapa kwako, mbele ya shemeji na watu wote. Nimeusafisha vizuri."

"Na kuuanika? Uliuanika lini?"

Tekendra akageuza macho kwenye lori. Birsing, nahodha wa wapiga makasia wetu, akaingilia. "Sukmaya, acha hizo. Unamrudisha nduguyo kama mwizi wa kuku?"

"Ndugu yangu sijamrudisha. Nimerudisha mbao."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimchoma Tekendra. "Haya, panda ukague," alisema. "Ukikosa kitu, nashusha."

Akapanda. Alipitisha mkono chini ya viti, kwenye pembe za mbele, kwenye kila ufa. Alikawia mpaka wengine wakaanza kunong'ona. Kisha akaingiza vidole chini ya ubao wa nyuma, pale maji yanapotuama, akatoa kimmea kisichozidi kidole gumba. Shina lake lilikuwa limevimba kama kibofu, na mizizi ilining'inia kama nywele zilizolowa.

"Jani moja, dada," Tekendra alisema kwa sauti ya chini.

"Baba naye alisema hivyo hivyo."

Ingekuwa afadhali kama Tekendra angetukana. Alipanda lori tu, hakuonja chakula, wakaondoka. Sukmaya alisimama na kile kimmea kiganjani mpaka lori lilipopotea nyuma ya kona. Kisha akakitupa katika moto wa jiko na kuendelea kuwapakulia wageni.

Tihar ilipofika, siku ambayo dada humpaka ndugu yake rangi kwenye paji la uso na kumwombea maisha, Sukmaya alisuka shada la maua, akaandaa kokwa za jozi na vitamu. Tekendra hakuja. Jioni alivigawa vile vitamu kwa watoto wa majirani, akitania kwamba angalau hao hawanuni. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba bora angemwachia tu ndugu yake ashushe ule mtumbwi.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa mbaya. Hirkaji, mwenye nyumba ya wageni juu ya kijito, alikuwa amechimba bwawa la samaki na kulipamba kwa maua ya majini aliyonunua barabarani. Mkutanoni alikuwepo, na sharti alilifuata, maana tulitaja mitumbwi na nyavu, bustani za watu hatukuzifikiria. Kijito kilifurika, bwawa likapasuka, na asubuhi ghuba nzima ya matete ilikuwa imetapakaa majani ya mviringo ya magugu yale.

Hirkaji alishuka mbio, peku, matope hadi magotini. "Shemeji, nimeliua ziwa."

"Bado hujaliua," Sukmaya alimjibu. "Mianzi yako ile ya nyuma ya nyumba, unaipenda sana?"

Kabla ya adhuhuri mianzi yote ilikuwa imekatwa, imefungwa kwa kamba na kulazwa juu ya maji kuziba mdomo wa ghuba. Kisha tukaingia majini, wake kwa waume, hata Birsing. Ya juujuu yalikuwa rahisi. Taabu ilikuwa ndani ya matete. Tulivuta kwa pupa, mashina yakakatika, vipande vikaelea na kwenda kujificha mbele. Sukmaya alikimbia huku na huku akielekeza, sauti ikamkauka. Niliona kwamba jambo linatushinda, naye aliona.

Ndipo lori likaja. Tekendra alishuka na watu wa Rupse, vijana kwa wazee, hawana mtumbwi wala kapu.

"Hatukuleta chombo," alisema. "Hata nguo tulizovaa zimetoka juani."

"Nani amekuita?"

"Hirkaji alipiga simu."

"Bado umekasirika?"

"Sana. Hebu sogea. Unawaacha watu wako wavute kutoka juu, ndiyo maana yanakatika."

Akaingia na suruali yake. Watu wa Rupse walikuwa wamepigana na gugu lile miaka mingi, na mikono yao ililijua. Walitufundisha kuupitisha mkono chini ya mizizi, kuinua mmea mzima na tope lake, na kuuweka kapuni bila kuurusha. Makapu tuliyapandisha mwambani mbali na maji, magugu yakaanikwa, yakachomwa. Dada na ndugu walifanya kazi bega kwa bega, wakigombana kutwa nzima kuhusu nani anavuta vibaya. Wageni walilala Deuri, wakala dhindo letu, ugali wa ulezi, na hawakuondoka mpaka Sukmaya alipopita kwenye matete yote bila kuokota kitu.

Majira ya joto yalipoanza machache yalichipua tena, kwa sababu mbegu hukaa matopeni miaka mingi. Tuliyang'oa. Tangu hapo hatujaona jingine, na mabwawa yameingizwa kwenye sharti. Hirkaji ndiye aliyedai yaingizwe.

Watu humsifu Sukmaya kwa ile ghuba. Mimi humsifu kwa ile siku ya lori. Ningekuwa mimi, na ndugu yangu wa pekee amesimama mbele yangu na mtumbwi alionichongea, ningemwambia ashushe. Nimejiuliza mara nyingi, na jibu halibadiliki. Wiki iliyopita nilimkuta Sukmaya kwenye matete, maji kiunoni, akipapasa. Nilianza kumwambia haya, akanikatiza na kuniomba nimshikie ndoo.