Mkwe wa Izmir

Watu wa Noonkopir walikuwa wameamua zamani kwamba Resian ana mwanamume ng'ambo. Hawakumuuliza. Watu wa Noonkopir wakishaamua jambo huwa hawaoni haja ya kuuliza. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, hana mume wala mtoto, ana duka la dawa za mifugo linalompa riziki yake vizuri tu, halafu kila Mei analifunga, anaburuta sanduku mpaka kwenye teksi na kupotea majuma mawili. Anakwenda kwa nani, kama si kwa mtu?

Alikuwa anakwenda kwa mji. Mji wenyewe ni Izmir, kule Uturuki, na mara ya kwanza alifika huko kwa ajili ya maonyesho ya dawa za mifugo, akabakiwa na siku moja ya kuzurura. Siku hiyo moja ndiyo iliyomharibu. Alikaa kwenye nyasi kando ya bahari, pale wenyeji wanapojilaza wakibangua mbegu za alizeti, na hakuna hata mmoja aliyetaka kujua yeye ni binti wa nani au ameolewa wapi. Alipanda feri mpaka upande wa pili wa ghuba, akarudi nayo hiyo hiyo bila kushuka, kwa raha ya upepo tu. Muuza chai alimsogezea kigilasi kingine kabla hajaomba. Kisha akala kome wa baharini waliojazwa wali na kukamuliwa limau, yeye, Mmaasai ambaye ukoo wake mzima humhesabu samaki kuwa ni nyoka aliyekosa adabu.

Tangu hapo akawa anarudi kila mwaka, peke yake. Na mapenzi yale yalikuwa na siri yake. Kule aliweza kufurahia kuwa si wa mtu yeyote kwa sababu huku nyumbani alikuwa wa watu. Akitua Nairobi hakuanzia kwenye nyumba yake ya kupanga Noonkopir; alipitiliza mpaka kwao, nje kidogo ya mji wa Kajiado, akasimama kwenye mteremko wenye miti miwili ya oltepesi. Hapo ndipo marehemu babake alipochomeka fimbo ardhini siku moja akasema, "Hapa ni pa Resian," mamake akiwa amesimama kando yake. Hapo ndipo atakapojenga. Angesafiri mpaka mwisho wa dunia bila wasiwasi, mradi mteremko ule ungali unamngoja.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua ukweli wote kuhusu Izmir, naye ni mamake, Margaret. Resian akirudi safari, wawili hao walikuwa wanakaa kitandani na kupekua picha kwenye simu. Mama alicheka habari za kome mpaka akajifuta machozi, kisha akamwapisha bintiye asije akawatajia wanawake wa kanisani.

"Na huko hakuna mtu?" alikuwa anauliza kila mwaka.

"Hakuna, Yeyo. Ni bahari tu."

"Bahari haizai," mama alikuwa anajibu, na kicheko kikaanza upya.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mama aliagiza zawadi. Alitaka blanketi mbili, zile nzito, za wazee wanaume, na kama asali ya huko ni nzuri, amletee mikebe miwili. Resian alifurahi kupita kiasi. Kwa miaka yote mama alikuwa akikataa hata kitambaa. Alizunguka soko la Izmir asubuhi nzima akizipapasa blanketi kama mtu anayechagua fahali mnadani, akapata mbili za rangi ya damu ya mzee, zenye maua ya dhahabu. Asali akaipata nyeusi, ya nyuki wa msitu wa misonobari. Sanduku likakataa kufungika, ikabidi aache viatu vyake hotelini. Hakujali. Aliona kwamba hatimaye mamake naye ameanza kuupenda mji ule.

Mwezi Julai, kakake Saruni akampigia simu. Mpimaji wa mashamba anakuja Jumamosi kugawa ardhi ya marehemu, afike mapema. Alifika mapema. Alikuwa amevaa viatu vya kukanyagia udongo na ameshaamua dirisha la jikoni litaelekea wapi.

Uani alimkuta Mzee Meitamei, wa rika la babake, kwenye kiti cha plastiki. Mzee alikuwa amejifunika blanketi nzito ya rangi ya damu ya mzee, yenye maua ya dhahabu, ingawa jua lilikuwa limeshapanda.

"Takwenya," mzee akamsalimu.

"Iko," Resian akaitikia, akainamisha kichwa kama inavyompasa binti. Kumbe Yeyo amempa, akawaza. Mkono wa Yeyo haujawahi kufumba.

Saruni alikuwa ameshampeleka mpimaji karibu na boma, anamwonyesha mipaka kwa kidole. Kwa kuwa mpimaji alikuwa Mkamba, wote walizungumza Kiswahili.

"Hii yote ni kipande moja," Saruni alisema. "Weka bikoni kule chini kwa mto, na ingine kwa barabara."

"Na yangu?" Resian akauliza. Hata hakuuliza kwa ukali. Alidhani kakake amejisahau.

Saruni hakumtazama. "Yako iko kwa bwana yako."

"Bwana gani?"

"Nakerai," Mzee Meitamei akaingilia kwa sauti ya upole, "mtoto wangu, usitufanye sisi watoto. Asali tumekula. Blanketi ndio hii nimevaa, na ndugu yangu ako na ingine. Saruni ametuambia mkwe yuko mbali, hawezi kuja mwenyewe. Sisi tukasema sawa, dunia imebadilika. Sasa nivue hii nguo niseme hakuna mkwe?"

Hapo ndipo Resian alipoelewa. Katika boma la Mmaasai hakuna anayehitaji kufafanuliwa maana ya asali na blanketi mbili za wazee. Ndivyo watu wa mwanamume huleta wanapokuja kuomba msichana. Hilo analijua hata msichana anayechunga mbuzi. Resian naye alilijua. Kwa kichwa alilijua vizuri sana. Ila hakuwahi kufikiri kwamba, katika umri ule, jambo hilo lingeweza kumhusu yeye, tena litoke kinywani mwa mama aliyemzaa. Amejichumbia mwenyewe. Mahari yake mwenyewe ameyachagua sokoni, ameyalipia, ameyapakia sandukuni na kuyabeba angani, huku akijisifu kwamba mamake ameanza kuupenda mji.

"Mzee, hizo vitu nilinunua mimi."

"Mwanamke ananunulia wazee blanketi ya nini?"

"Yeyo ndiye aliniomba."

Mzee alikunja uso, akawaza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekula asali ya wenyewe na kuitunzia heshima yake. "Basi nielewe," akasema. "Kama huna bwana huko, kila mwaka unaendanga kufanya nini?"

"Kutembea."

"Kutembea wapi?"

"Kando ya bahari."

Saruni akacheka puani. Mpimaji akajitia kushughulika na kamba yake. Resian mwenyewe aliyasikia maneno yale yakitoka, na pale uani, katikati ya mbuzi na nzi, yakasikika kama uongo mtupu. Ungemwambiaje mzee wa Kajiado kwamba umevuka nchi na bahari ili uketi kwenye nyasi ambako hakuna anayekujua? Kulikuwa na mtu mmoja tu hapa duniani aliyekuwa na uwezo wa kulieleza jambo hilo.

Margaret alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya leso.

"Yeyo," Resian akasema. "Waambie. Waambie na ile maneno baba alisema pale kwa oltepesi."

Mama akamtazama Saruni. Saruni alikuwa amepewa sehemu yake zamani, upande wa Kitengela, akaikatakata ploti na kuiuza kidogo kidogo mpaka ikabaki hadithi. Ana watoto wanne na hana pengine pa kuwalaza. Kisha mama akamtazama Resian, akamtazama kwa muda, na Resian akaona kwamba mamake anampenda, na kwamba upendo huo hautamsaidia.

"Resian ako na kwake," mama akasema. "Mimi nimeona picha. Huko anafurahi. Hapa sijawahi kumwona akicheka hivyo."

Hasira ilimpanda Resian mpaka masikioni. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu hakuwa nguoni; huyu alikuwa kitandani, kichwa begani kwake, akiomba aonyeshwe feri tena. Kila picha aliyomfungulia, kila kicheko, mama alikuwa amekiweka akiba, na leo amekitoa chote kikamshtaki.

"Nitaenda kortini," akasema. "Sheria inanijua, niolewe nisiolewe."

"Enda," Saruni akajibu bila kupandisha sauti. "Baba akisema hiyo maneno, shahidi alikuwa nani?"

Shahidi alikuwa mlangoni, anayatazama maji ya kunawa kwenye beseni. Ingembidi amsimamishe mamake mbele ya hakimu na kumwita mwongo, na Saruni alijua, na mama alijua, kwamba hilo hataliweza. Kule chini mpimaji akaanza kugonga bikoni ya kwanza. Izmir nayo ilikuwa imeshamtoka. Akienda tena, kila hatua kando ya bahari ile itakuwa ni ushahidi wao.

Akaingia jikoni kwa sababu miguu ilimpeleka, na kwa sababu chai ya wazee ilikuwa haijamiminwa. Ndivyo alivyofanya katika nyumba ile tangu utotoni: mambo yakiharibika, unamimina chai. Akanyoosha mkono kuchukua chupa. Namunyak, mke wa Saruni, akamwahi, akaichukua kwa mikono miwili kwa heshima kabisa. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anafanya tu kama alivyofundishwa na kwao.

"Acha, dada," akasema. "Utachoka bure. Si unajua binti akishaolewa, akikuja nyumbani anakaa, anahudumiwa? Keti tu."

Mama alikuwa ameingia nyuma yao. Akafungua kabati, akasogeza vikombe vya bati vya kila siku, akatoa kimoja cha udongo chenye sahani yake, akakipangusa kwa pembe ya leso.

"Mpatie na hii," akamwambia Namunyak. "Hii ya wageni."

Na Resian, ambaye hajawahi kupotea katika mji wowote wa kigeni, akasimama katikati ya jiko la mamake bila kujua akae wapi.