Siku ya Kupima Uji

Leah alipoingia uani kwetu Iyula asubuhi, mizani ya jikoni kwapani, jogoo alikuwa ameshanyonyolewa.

Leah anasomea lishe chuo kikuu. Utafiti wake ni kushinda na mtoto kutwa nzima, akipima kila anachokula, ajue watoto wa huku wanapungukiwa nini. Mimi ndiye niliyemwomba aanzie kwetu. Witness wangu ana miezi kumi, na kila tukienda kliniki uzito umegoma kupanda. Nilitaka kujua kwa nini, basi.

Mama mkwe hakutaka kusikia. "Mgeni atoke chuo kikuu aje akute uji na majani ya maboga? Waseme kwangu mimi Dina kuna njaa?" Akachochea moto.

"Shikamoo mama," Leah alisalimia, akinusa. "Kumbe leo kuna sherehe?"

"Marahaba mwanangu. Sherehe gani! Sisi ndivyo tunavyokula kila siku."

"Kila siku jogoo?"

"Kila siku!"

Yonathani, mume wangu, aliyekuwa ananoa jembe mlangoni, akaangua kicheko. "Mama, siku hizo mimi huwa nipo wapi?"

Leah akanivuta pembeni. "Mama Witness, nikipima sherehe nitaandika sherehe. Majibu yatasema mtoto hapungukiwi kitu."

Kumpinga mama mkwe mbele ya mgeni, kwetu si jambo dogo. Nikapiga magoti karibu na mafiga.

"Mama, jogoo ni wa mgeni, ale ashibe. Lakini Witness ale chake cha siku zote, tujue kinachomkwamisha. Nakuomba."

Mama mkwe akamtazama mjukuu wake, tuvidole twembamba tukivuta khanga yake.

"Haya, lete huo uji wako. Ila huyu binti asipomaliza paja, haondoki hapa!"

Leah akapima kikombe, akachota kijiko, akakiinamisha. Uji ukachuruzika wote kama maji. Nilikuwa naukoroga mwepesi makusudi, usimpalie mtoto. Hapa kwetu ndivyo tunavyofundishana tukijifungua.

"Kikombe kimejaa, lakini unga ni kiduchu," Leah alisema. "Tumbo linajaa kabla mwili haujapata kitu. Ufanye mzito, ukae kwenye kijiko, na utie karanga zilizotwangwa laini."

Mama mkwe akashika kiuno. "Kwa hiyo muda wote tunamnywesha mto!" Alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga, na huku anacheka tayari anapepeta karanga. "Mama Witness, umesimama nini? Koroga!"

Nikakoroga mpaka mkono ukauma. Witness akaonja. Akakunja uso, akatafuta kwa ulimi, akamtazama bibi yake, halafu akalipiga bakuli kwa kiganja na kuachama mdomo.

"Umeona?" mama mkwe akamwambia Leah. "Andika hapo, ameomba tena!"