Shemeji Anayeanua Dagaa

Jina la mke wangu liliandikwa mara mbili tu hapa duniani. Mara ya kwanza kwenye kadi ya zahanati, wakaipoteza wenyewe. Mara ya pili kwenye msalaba wake, na mchwa wa Ilagala hawakungoja hata masika ya pili. Veneranda. Ndiyo maana nilipomsikia yule kijana wa mradi akisema kwamba kwenye maonyesho ya mjini kila roboti itakuwa na kibao chenye jina la aliyeitengeneza, nilimshika mkono nikampeleka kwenye kichanja changu cha dagaa.

Kijana mwenyewe aliitwa Pastory. Viatu safi, karatasi nyingi. Maonyesho yalikuwa ya wenyeji na wakimbizi pamoja, maana miaka ile wakubwa walikuwa wanapenda kutupiga picha tukiwa pamoja.

"Roboti yenyewe ni hii," nikamwambia. "Inaitwa Shemeji."

Hilo jina alilitoa Veneranda. Alisema mume akiwa ziwani na mvua ikaja, lazima awepo mwanamume mwingine wa kuanua dagaa. Wanawake wa mwaloni, pale ufukweni tunaposhushia samaki, walicheka. Mimi wiki ya kwanza sikucheka.

Shemeji ni karai la bati linaloning'inia kwa kamba pembeni ya kichanja. Mvua ikinyesha karai linajaa, linakuwa zito, linashuka na kuchomoa kijiti. Kijiti kikitoka, jiwe linaanguka upande wa pili na kulivuta turubai mpaka dagaa wote wanafunikwa. Hakuna mkono wa mtu hapo.

"Betri iko wapi?" Pastory akauliza.

"Haina."

"Na mota?"

"Ndiyo hilo jiwe."

Akachora alama kwenye karatasi yake. "Mzee Feliksi, ni kitu kizuri sana. Tutakiweka meza ya kazi za mikono, pamoja na mikeka."

"Huko kibao kitaandikwa nini?"

"Kikundi cha Ilagala."

Veneranda hakuwahi kuwa kwenye kikundi chochote. Aliumwa siku tatu akisubiri boti ya wagonjwa ambayo wakubwa walikuwa wameiahidi kwenye kampeni, na hakuna kikundi kilichokuja kumbeba. Nikamwambia Pastory mikeka yake aipeleke mwenyewe.

Révérienne alikuwa upande wa pili wa kichanja akigeuza dagaa, akaacha. Huyu alivuka ziwa kutoka Burundi mwaka wa tisini na tatu, mwanawe Bonfils akiwa mgongoni, na siku hiyohiyo Veneranda akamgawia nusu ya kichanja. Tangu hapo kila mkubwa mpya akija anamdai karatasi za ukimbizi, kama vile amefika jana.

"Mwanangu, roboti ni nini hasa?" akauliza.

"Ni mashine inayohisi, inayoamua, halafu inatenda yenyewe, mama."

"Hii inahisi mvua," nikasema. "Na inatenda. Diwani wetu hahisi wala hatendi, na ana kibao mlangoni."

Pastory akacheka akijiziba mdomo kwa karatasi. "Shida iko kwenye kuamua, mzee." Akachukua kikombe, akamwagia karai maji kidogo kidogo, mfano wa manyunyu. Haikuchukua muda karai likashuka, jiwe likaanguka, turubai likakimbia juu ya dagaa, na jua liko utosini. "Unaona? Haichagui. Hata mtego wa panya unafanya hivyo, na hatuuiti roboti."

"Mlinzi wa geti la kambi ya wakimbizi naye hachagui," Révérienne akasema. "Kila anayepita, karatasi. Huyo ndiye roboti?"

"Hapana, mama, huyo ni mtu."

"Ego, ndiyo. Maana angekuwa wa betri, ingekuwa imeshaisha."

Kijana alisema kweli. Mwaka mzima Shemeji alikuwa anafunika kwa manyunyu tu, dagaa wanatoka jasho chini ya turubai mpaka wananuka. Nililaumu turubai la msaada, na nililisema kwenye kila mkutano wa kijiji, nikiwa nimesimama.

Révérienne akaenda kumtega Shemeji upya, akalirudisha karai juu. Akapitisha kidole chini yake, akasimama.

"Baba Gervasi," akaniita kwa jina la mwanangu, "nani ameziba hapa?"

"Mimi. Lilikuwa linavuja."

"Lilikuwa linavuja," akarudia polepole. "Tundu hilo Veneranda alilitoboa mwenyewe kwa msumari, mimi nimeshika karai. Siku tatu anaziba, anatoboa upya, mpaka likapatikana la kumtosha."

Nililiziba wiki moja baada ya maziko, kwa nta ya mshumaa uliobaki msibani. Nilidhani namtunzia kitu chake.

Révérienne akatoa pini kwenye kitenge, akasukuma, nta ikadondoka mchangani. Akamwaga maji kwa kikombe, kidogo kidogo. Yakaingia juu, yakatokea chini. Karai limetulia. Kisha akainua ndoo nzima akaimimina, tundu likazidiwa, karai likashuka, turubai likapita mbele yetu.

"Manyunyu anayaacha yapite," akasema. "Alikuwa anasema Shemeji asiamke kwa kila anayekohoa."

Ile ilikuwa sauti ya Veneranda kabisa. Nikatazama ziwa kidogo.

Pastory aliweka karatasi zake chini ya jiwe akajaribu mwenyewe. Kikombe, ndoo, kikombe tena. Viatu vikalowa. "Tundu ndilo linaloamua," akasema kama anaongea peke yake.

"Ubongo wake ni tundu," nikamwambia. "Wako wakubwa wa namna hiyo, ila wao hata dagaa hawafuniki."

Akaokota fomu. Penye aina ya kifaa akaandika roboti. Penye swali la umeme aling'ata kalamu, mwishowe akaandika mvua.

"Mbunifu?"

Nikalitaja jina, nikamwomba anionyeshe. Mimi niliishia darasa la tatu, nikalisoma herufi moja moja, na hakunihimiza.

"Ongeza na Révérienne Niyokwizera," nikasema. "Ndiye aliyeshika karai."

"Niache mimi," Révérienne akasema. "Wataniuliza karatasi."

"Waonyeshe hii."

Alimtazama Pastory akiandika mpaka herufi ya mwisho. Kisha akaondoa turubai, tukarudi kugeuza dagaa, yeye nusu yake, mimi nusu ya Veneranda.