Magugu Yaliyosimama Foleni

Haya nilisimuliwa na mjukuu wangu Ann alipokuja likizo, Krismasi ya 2014, tukichambua maharagwe. Ann anapikia familia moja ya Waarabu kule Muaither, Doha. Mwenye nyumba wanamwita Baba Nasser, naye ana shamba nje ya mji.

Basi serikali ilikuwa ikimlipa Baba Nasser asilime. Ndiyo, asilime. Maji ya ardhini yapumzike na vichaka vya jangwani vimee vyenyewe. Akamwajiri kijana wa Nyeri, Ndirangu, avilinde. Ila kijana alipouliza ni kazi gani, aliambiwa tu, "Kaa shambani."

Ndirangu, mtoto wa watu, akakaa. Mama yake akipiga simu, "Umepanda nini huko?" anajibu, "Bado tunangoja mvua, mami." Aibu ikamzidi. Akaenda mjini, Al Mansoura, akanunua jembe, akang'oa kila kitu mpaka shamba likawa safi kama uwanja wa kanisa. Akamtumia Ann picha.

"Muonyeshe mzee. Mwambie shamba liko tayari, alete mbegu."

Mzee kuona ile picha, chai ikamwagikia kanzu. Mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja kesho yake! Akampigia kijana, Ann akitafsiri: "Vichaka virudi, la sivyo unarudi wewe kwenu."

Na Ndirangu ndiye anayemsomesha mdogo wake. Akavirudisha. Ann alipelekwa kusaidia, hata Baba Nasser mwenyewe alishika vichaka visianguke, Ndirangu akishindilia mchanga.

Mkaguzi akaja. Akatembea, akasimama, akafumba jicho moja. Vichaka vyote vilikuwa vimenyooka, mstari kwa mstari, na nafasi katikati kama ya mahindi.

"Nani amepanda hivi?"

"Mungu," akasema Baba Nasser.

"Mungu ana kamba ya kupimia?"

Ann akamtafsiria Ndirangu. Ndirangu akaudhika.

"Mwambie sikutumia kamba. Hayo ni macho tu."

"Amesemaje?" akauliza mkaguzi.

"Anakusalimia," Ann akasema.

Mkaguzi akapiga kelele: wamelipwa wasilime, wakalima magugu! Halafu akachuchumaa, akawaza. Akienda ofisini kusema amekamata watu wakilima magugu, si watamcheka?

"Nitarudi baada ya baridi," akasema. "Nikikuta mstari hata mmoja, malipo basi. Wekeni mlinzi wa kumzuia huyu."

"Mlinzi ndiye huyu," akasema Baba Nasser.

"Basi ajizuie."

Hivyo ndivyo Ndirangu alivyobaki kazini, anajilinda mwenyewe, na akikosea mara moja tu ni ndege ya kurudi kwao. Wiki ile mvua ikanyesha kidogo. Siku mbili tatu baadaye, jua la mchana likiwaka, akampigia Ann jikoni.

"Ann, kuna kimoja kimeota kando ya kiti changu. Kimekaa upande. Nikisogeze kidogo tu?"

"Ukikisogeza, nawe utasogezwa hadi Nyeri."

"Kinaniumiza macho, dada yangu."

"Si uyafumbe! Lala huko."

Ndirangu akanung'unika, akajilaza kwenye kivuli cha kontena anamoishi, mikono ameilalia isije ikamponyoka. Simu ilikuwa bado hewani. Ann akiwa anakatakata vitunguu, akamsikia anaanza kukoroma.