Gari Jipya na Kikao Kisichovunjika

Usiku wa jana niliota ndoto, na kabla ya kuisimulia nalitaja jina la Mwenyezi Mungu, aliyeinua mbingu akaweka mizani, na namtakia rehema Mtume wake, aliyepita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka akakuta umajimaji chini yake. Na mimi nimetia mkono, kwa njia yangu.

Kwanza niwapange watu kwa mahali pao. Mimi ni Maalim Mbwana Shekue wa Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wa thelathini na moja nikisomesha mlango wa biashara msikitini kwetu. Mke wangu ni Bi Mwanakombo. Bwana Hafidhi Mbaruku ni muuza magari mapya. Waliobaki ni watu wa mtaa wetu, waliochanga miaka mitatu ili lipatikane gari la kuwakimbiza hospitali wajawazito na wagonjwa, wakaniweka mimi kuwa mwenye amana yao.

Mchana wa jana nilikwenda kulinunua. Bei ilikuwa imebandikwa kiooni, na mchango wetu ulilingana nayo sawasawa. Bwana Hafidhi akaongeza milioni tisa juu yake.

“Maalim, gari hizi zinagombewa,” alisema. “Wale watatu pale kwenye benchi wanalisubiri hilo hilo. Ukitoka, wanaingia.”

Mara Adhuhuri ikaadhiniwa. Nikasema upesi, “Nimekubali,” tukapeana mikono, nikainuka kwenda kuswali. Nilipotoa salamu tu, nikakumbuka nisichopaswa kusahau: katika madhehebu yetu, muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kuvunja mauzo maadamu kikao chao hakijavunjika, yaani hawajaachana. Hata wakitoka pamoja wakatembea mwezi mzima, hiari ipo. Wakiachana, imekwisha. Nami nilikuwa nimekwisha kuondoka, na ingenibidi niwaendee hata wajane waliochanga kuwaomba tena. Tena nikakumbuka kwamba Bwana Hafidhi alitazama saa yake kidogo kabla ya adhana.

Katika ndoto nimekaa dukani mwake, kiti kile kile. Karatasi ya kiooni inakohoa.

“Shikamoo, Maalim. Mimi ndiye bei.”

“Marahaba. Nakuona.”

“Basi muulize yule aliye juu ya paa yeye ni nani.”

Nikainua macho. Juu ya paa la gari imekaa bei nyingine, nene, inaning'iniza miguu na kula korosho.

“Umetoka kiwandani?” nikaiuliza.

“Hapana. Nimepanda hapa hapa.”

“Kwa ngazi gani?”

“Kwa mabega ya wale watatu,” ikasema, ikatema ganda.

Kiti changu kikanipeleka hadi kwenye benchi bila ya mimi kuinuka. Wale watatu wamevaa kanzu zilizopigwa pasi vizuri, na kila mmoja ana bahasha mapajani. Ndani ya kofia zao hamna vichwa. Nikawasalimu, wakaitikia kwa adabu.

“Mnalisubiri gari?”

“Tunasubiri saa ya chakula,” akasema wa kwanza.

“Tunalipwa kwa siku, pamoja na nauli,” akasema wa pili.

Wa tatu akainama upande wangu. “Maalim, hata kuendesha hatujui. Lakini usituseme, tuna watoto.”

Bahasha zao nikazishika. Zimejaa hewa, na hewa hiyo ni ya moto.

Hapo kinywa changu kikasema chenyewe, “Nimekubali.” Sikukituma. Adhana ikaanza, na Bwana Hafidhi akasimama papo hapo, uso umemng'aa.

“Basi, Maalim, tuonane siku nyingine inshallah.”

Nikamkamata mkono wa shati.

“Hatujaachana, Bwana Hafidhi.”

“Nakwenda kunawa tu.”

“Twende sote.”

“Maalim, ninakwenda msalani!”

“Nitakaa mlangoni, nawe utautoa mkono kwa nje.”

Akafungua mlango wa msala, nasi tukatokea katika shamba la mkonge, jua la saa sita limetukalia utosini. Bwana Hafidhi anakimbia baina ya mistari. Mimi na miaka yangu sabini na miwili siwezi kukimbia, basi mkono wa shati lake unarefuka, mstari wa kwanza, wa pili, wa kumi, mweupe kama uzi wa mkonge uliotandazwa kukauka. Yeye mwenyewe simwoni tena. Ninachoshika ni nguo tu.

Shaka ikaniingia. Je, mtu akiwa mbali hivi, na nguo yake iko mkononi mwako, mmeachana au hamjaachana? Nikauliza kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

“Pana kauli mbili,” ukajibu mkonge mmoja.

“Na iliyo na nguvu?”

“Usiiachie nguo.”

Nikauvuta mkono wa shati kama mtu avutaye maji kisimani, na kila nilipovuta shamba likasogea, hadi Bwana Hafidhi akarudi, amejaa vumbi, anatabasamu. Akabadilisha mbinu. Akijua kwamba ninapenda shairi, akasimama wima, akaimba:

“Karibu mgeni wetu, gari jipya lakungoja,
Lete mali ulonayo, na nyingine usiyonayo.”

Sauti yake ni nzuri, sitamdhulumu. Lakini nilihesabu kwa vidole vya mkono uliokuwa huru.

“Bwana Hafidhi, kipande cha mwisho kina mizani tisa. Vingine vyote vina nane.”

“Hiyo moja ni nyongeza, Maalim. Beti hizi zinagombewa.”

“Nani anazigombea?”

Akanyoosha kidole. Zile kanzu tatu zimesimama baina ya mikonge, zinapiga makofi kwa mikono isiyo na vidole.

Adhana imefika mwisho na wakati unakwenda. Nikatambua mtego ulivyotegwa: nikienda kuswali, tumeachana, nikimshikilia, swala inanipita. Bwana Hafidhi naye ametambua kwamba nimetambua. Akatazama saa yake.

“Maalim, usichelewe,” akasema kwa huruma kubwa. “Dunia hii si kitu.”

“Kweli kabisa,” nikasema. “Tuswali sote, bega kwa bega. Safu haivunji kikao.”

Akajaribu kuuchomoa mkono. “Mimi sina udhu.”

Penye mkonge pakatokea bomba. Akatawadha kwa mkono mmoja, nami nikamwoshea uliobaki. Tulipomaliza tukawa msikitini kwetu, safu ya kwanza, na watu wa mtaa wote wako nyuma yetu. Wanawake wajawazito katika safu zao, wakongwe kwenye viti. Hakuna aliyeuliza ninamshikia nini mtu huyu. Bega lake ninalisikia linatetemeka, nami sijui ni kwa khofu ya Mola au ya hasara, na si kazi yangu kujua.

Tukatoa salamu, kulia na kushoto. Alipogeuka upande wangu macho yetu yakakutana kwa karibu mno.

“Sema neno lako basi, Maalim,” akanong'ona. “Nimechoka.”

Nikafungua kinywa.

“Baba Sauda! Baba Sauda, Alfajiri hiyo!” Bi Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji. Neno lilikuwa halijanitoka.

Niliswali, nikarudi, nikakaa kunywa uji bila kuuonja. Bi Mwanakombo aliniuliza nani nitakayemwendea kwanza kuomba hizo milioni tisa. Ndipo simu ikalia, naye akaipokea kwa kuwa ilikuwa karibu yake.

“Ni yule muuza magari,” akaniambia, ameifunika kwa kiganja. “Anasema hakulala vizuri. Anaulizia jambo nisilolielewa.”

Nikaitwaa.

“Shikamoo, Maalim,” akasema Bwana Hafidhi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia. “Samahani kukusumbua asubuhi yote hii. Nilitaka kujua tu. Jana mimi na wewe… tuliachana, au hatujaachana?”

“Hatujaachana,” nikamjibu. “Nguo yako sikuiachia hadi nilipoamshwa. Na mauzo nimeyavunja.”

Akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeachiwa. “Haya, Maalim,” akasema.

Gari bado hatuna. Ewe Mola, wabariki waliobaki wakilisubiri: wenye mimba uwafikishe salama kwa miguu yao, wagonjwa uwape nafuu ya kungojea, na waliochanga uwahifadhie walichochanga. Na Bwana Hafidhi umpe usingizi. Amin.