Usizime Kwanza

Mfumo wa mapokezi uliganda tena asubuhi, watu wakiwa wamejaa kwenye mabenchi mpaka mlangoni. Kwenye skrini za madirisha yote, kile kiduara cha kusubiri kilizunguka tu, kikazunguka, na wahudumu wakakunja mikono.

"Zima-Washa aitwe," mmoja akasema bila hata kugeuza shingo.

Zima-Washa alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali. Jina hilo hakupewa kwa ubaya. Kila kilichokwama alikizima, akapumua kidogo, akakiwasha, na mara nyingi kilipona. Wahudumu walimtania kwamba hata mkewe akinuna, humzima na kumwasha. Yeye alicheka tu. "Dawa ikiponya, haiulizwi jina."

Ila dawa hiyo ilikuwa imeanza kuishiwa nguvu. Mfumo ulipona, ukaganda tena kesho yake. Yote yalianza wiki ambayo kliniki ya macho ilihamia pale, na wiki hiyo hiyo ndiyo alianza kazi msichana aliyeajiriwa kuutunza mfumo. Kliniki haikushukiwa na mtu. Alishukiwa msichana.

Walimwita Kimya. Aliongea kana kwamba kila neno ni la kuazima na linatakiwa kurudishwa likiwa safi. Mkuu wa mapokezi alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, na ndiye aliyemsimamia mbele ya daktari mkuu. "Akishindwa huyu, nitoeni mimi dirishani," alisema siku ile, kwa kujiamini.

Jana daktari mkuu alimkumbusha maneno hayo. Mfumo ukiganda mara nyingine, alisema, hospitali inarudi kwa kampuni ya zamani iliyoutengeneza mfumo. Kimya ataondoka. Na shangazi atatafutiwa kazi nyingine, labda stoo, mahali ambapo hasimamii mtu.

Na sasa umeganda.

Seva, kompyuta kuu inayoendesha mfumo, ilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, kilichokuwa cha kuhifadhia shuka. Kimya alikuwa ameshakaa mbele ya skrini Zima-Washa alipoingia. Fundi alinyoosha mkono moja kwa moja kwenye kitufe.

"Usizime," Kimya akasema.

Fundi hakusikia. Si kwamba alimpuuza, kweli hakusikia. Basi Kimya akaweka kiganja chake juu ya kitufe, akakifunika.

"Kaka, usizime kwanza."

"Mdogo wangu, kuna watu wanaumwa huko nje."

"Najua. Usizime."

Daktari mkuu akaingia, shangazi nyuma yake. Walimkuta fundi ameduwaa na msichana amekumbatia mashine kama anayemlinda mtoto asichomwe sindano.

"Kuna nini hapa?" daktari akauliza.

"Hataki nizime," fundi akasema.

"Kwa nini?"

Kimya akaanza kueleza. Mwanzoni maneno yalitoka yamekunjana. Alisema programu yao imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na ili isome kitu kwenye hifadhidata inahitaji muunganisho. Kutengeneza muunganisho mpya kila mara kunachelewesha, kwa hiyo inawekwa akiba ya miunganisho iliyo tayari. Ombi likija linaazima mmoja, linamaliza kazi, linaurudisha.

"Sema lugha ya watu," daktari akasema.

"Kama viti vya magurudumu pale getini," shangazi akadakia. "Mgonjwa anapelekwa wodini, kiti kinarudi."

"Hivyo hivyo, shangazi. Sasa hivi viti vyote vimetoka na havijarudi. Anayefuata amesimama getini, anasubiri. Kile kiduara ndicho huko kusubiri."

"Hilo mimi niliona," Zima-Washa akasema. "Ndiyo maana niliongeza akiba. Ilikuwa kumi na tano, nikaweka mia mbili."

"Na hifadhidata yenyewe inapokea mia tu, kaka. Wa mia na moja anafungiwa mlango. Hata ingepokea wote, wanaochukua viti wasiporudisha, mtanunua mpaka korido ijae na bado getini hakuna kiti."

Fundi akajikuna kisogo. "Lakini nikizima vinarudi."

"Vinarudi kwa nguvu. Ila hujui nani alikuwa anaviacha, wala wapi. Kila ukizima unamfutia alama. Leo viti viko nje. Niacheni nione viko wapi."

"Watu wanasubiri," daktari akasema.

"Wamesubiri kila asubuhi, daktari. Leo wasubiri mara ya mwisho."

Daktari akamtazama shangazi.

"Huyu namjua tangu hajaota meno," shangazi akasema. "Hajawahi kumkatalia mtu kitu. Ukiona amekataa, kuna jambo."

Daktari akavuta kiti, akakaa. "Haya. Nipo hapa."

Shangazi akatoka kuwaambia watu ukweli: kompyuta inatafutiwa ugonjwa wake, wavumilie kidogo, na wenye hali mbaya wapite moja kwa moja kwa daktari wa zamu. Mzee mmoja mwenye fimbo akasema, "Afadhali leo mmesema. Na hiyo kompyuta imechukua namba ya foleni kama sisi?" Benchi zima likacheka, na hasira iliyokuwa imeanza kuchemka ikapoa.

Ndani, Kimya alifungua dirisha jeusi la maandishi. Alikuwa ameongeza mstari mmoja kwenye mipangilio ya akiba: muunganisho ukikaa nje zaidi ya nusu dakika, mfumo uonyeshe sehemu ya programu iliyouazima. Lakini asubuhi zote Zima-Washa alimtangulia, na mashine ikizimwa kila kitu kilianza upya. Leo skrini ilikuwa imejaa. Na mistari yote ilionyesha mahali pamoja.

"Kutafuta kadi," akasema.

Akaifungua sehemu hiyo, iliyoandikwa na watu wa kampuni ya zamani. Zima-Washa akainama juu ya bega lake na wakasoma pamoja, yeye akisogeza kidole. Programu inaazima muunganisho. Inatafuta kadi ya mgonjwa. Kadi ikiwepo, inaionyesha na kurudisha muunganisho. Kadi isipokuwepo, inasema haipo, inatoka.

Kidole cha fundi kikasimama. "Mbona huyu anatoroka na kiti cha watu bila kukirudisha?"

"Ndiyo huyo, kaka."

"Na wagonjwa wa macho wana kadi za jengo lao la zamani. Hazimo humu."

"Na kila mhudumu akikosa kadi, anajaribu tena na tena."

"Kila akijaribu, kiti kimoja kimeenda." Fundi akapiga paja lake. Alikuwa na furaha kama mtu aliyeonyeshwa mwizi aliyemsumbua mwaka mzima, na mwizi mwenyewe ni paka.

Kurekebisha hakukuchukua muda. Java ina namna ya kuandika uazimaji mwanzoni kabisa, ili kadi ipatikane, isipatikane, au litokee kosa lolote katikati, muunganisho urudi wenyewe. Kimya akaandika hivyo. Kisha akarudisha akiba kuwa kumi na tano.

"Unapunguza?" daktari akauliza.

"Vikirudi, hivi vinatosha na kubaki." Akaweka pia kikomo cha kusubiri, ili mhudumu akikosa nafasi aambiwe mapema badala ya kuachiwa kiduara. Halafu akamgeukia fundi. "Sasa zima."

Zima-Washa alizima kwa heshima zote, akawasha.

Ikabaki kupima. Kimya akatoka mpaka mapokezi, mbele ya mabenchi yaliyojaa, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akapaza sauti. "Naomba kila dirisha liandike namba ya kadi ambayo haipo. Andikeni nyingi. Msiache mpaka niseme."

Wahudumu wakaangaliana, kisha wakaanza kugonga kibodi kwa raha.

"Mimi nimeweka namba ya simu ya mama mkwe," mmoja akasema. "Inasema haipo."

"Basi shukuru."

Ndani, daktari alikodolea macho hesabu ya miunganisho iliyo nje. Ikapanda kuwa mitatu, ikapanda kuwa minne, ikashuka mpaka sifuri. Ikapanda, ikashuka. Wahudumu waligonga mpaka vidole vikachoka, na kila mara ilirudi sifuri.

"Inatosha," Kimya akasema. "Iteni wagonjwa."

Foleni ikaanza kutembea. Haikusimama tena. Wa macho walipita, wa meno walipita, mama wajawazito walipita, na kabla ya saa ya chakula mabenchi yalikuwa yamebaki na mtu mmoja, tena amelala tu kwa sababu pale pana upepo.

Daktari mkuu alipita mapokezi akielekea wodini. "Ile kampuni imenipigia," akamwambia shangazi. "Nimewaambia hatuna mgonjwa wa kuwapa. Mwanao abaki. Na wewe hapo dirishani usibanduke."

Shangazi alisubiri mpaka daktari alipopotea kwenye kona. Kisha akatoa simu, akampigia kaka yake, na akaongea kwa sauti ambayo hata aliyelala benchini aliisikia.

"Kaka, mwanao leo amembishia bosi wangu mbele yangu. Eeh, huyo huyo. Hapana, usimgombeze. Nakwambia alimbishia, na bosi akavuta kiti akakaa kumsikiliza."