Tisini kwa Kila Mia

Mama Pindo, fundi cherehani, alikuwa na mjukuu wa miaka sita ambaye hakuwahi kumshika hata mkono. Binti yake aliolewa ng'ambo, na nauli ya huko si mchezo. Kila mwaka alimshonea mtoto gauni kwa kukisia, akalikunja na kulitia sandukuni. Kulituma hakutaka, alitaka kulipeleka mwenyewe.

Pesa zilikuwepo. Marehemu mumewe alimwachia hatifungani, yaani hati ya kuikopesha serikali kwa miaka kumi na tano, na riba iliingia kila baada ya miezi sita. Lakini zamani waliwahi kuvunja amana ya benki kabla ya muda wake, wakanyimwa riba yote, mume akanuna wiki nzima. Tangu hapo Mama Pindo aliapa kwamba pesa ya muda haiguswi. Akakaa na hamu yake, ikimla taratibu.

Siku hiyo alikwenda benki kubadilisha namba ya simu tu. Karani akatazama karatasi zake, akaiona ile hatifungani, na Mama Pindo akamwambia pesa ya muda haiguswi.

"Mama, hii si kama amana. Unaweza kumuuzia mtu mwingine siku yoyote."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Miaka mitatu nyuma ungepata hata zaidi ya mlichoweka. Sasa serikali inatoa mpya zenye riba kubwa, kwa hiyo hii ya zamani wanainunua kwa bei ya chini. Leo ni tisini kwa kila mia. Ukisubiri miaka minane iliyobaki, utalipwa mia kamili."

"Na hao serikali hawatanikimbia?"

"Si rahisi. Ingekuwa ya kampuni, ningekuwa na wasiwasi. Ila vitu vitapanda bei, mama. Mia ya siku hizo haitanunua vya mia ya leo."

Ile kumi iliyopotea haikumuuma Mama Pindo. Iliyomuuma ni miaka sita iliyolala sandukuni, imekunjwa vizuri. Machozi yakamtoka mbele ya foleni nzima, wala hakujali.

"Baada ya miaka minane mtoto atakuwa na kumi na nne," alisema. "Uza."

Jioni alimpigia binti yake, akamweleza. Binti alipiga kelele za furaha.

"Ngoja nimpime sasa hivi, mama, nikutumie vipimo!"

"Thubutu! Usimguse," alisema Mama Pindo. "Nakuja na futi yangu."